Jina Moja, Tabia Tofauti: POSIX Mpya Haijamaliza Tatizo la Soketi

Tangu toleo jipya la POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix, lichapishwe Juni 2024, nimekuwa nikisikia kauli moja ikirudiwa na watu ninaowaheshimu katika kazi hii. Wanasema kwa kuwa accept4, wito wa kupokea muunganisho mpya, na bendera zake SOCK_CLOEXEC (soketi isirithiwe na programu nyingine inayoanzishwa) na SOCK_NONBLOCK (miito yake isisubiri) zimeingia kwenye kiwango rasmi, suala la kuandika msimbo wa soketi (ncha ambazo programu huwasiliana kupitia kwazo kwenye mtandao) unaofanya kazi kwenye kila mfumo endeshi limefika ukingoni. Kilichobaki, kwa maoni yao, ni kuisubiri mifumo iliyochelewa iwafikie wenzake, kisha zile #ifdef, matawi ya msimbo ya kila mfumo, zilizojaa kwenye faili zetu zifutwe moja baada ya nyingine. Naielewa furaha hiyo, maana accept4 imesubiri muda mrefu: Linux ilikuwa nayo tangu toleo la 2.6.28 mwaka 2008. Hata hivyo naona tukio hili limesomwa kinyume. Faida ya accept4 haiko kwenye jina lililokubaliwa na wengi. Faida yake ni kwamba wito huo unampa mwandishi nafasi ya kutamka soketi anayoipokea iwe katika hali gani, badala ya kuiachia kila kerneli, kiini cha mfumo endeshi, iamue kwa desturi yake. Majina tumekuwa nayo kwa miongo minne. Kinachotuangusha ni tabia zilizojificha nyuma ya majina hayo, na toleo la 2024 limegusa chache tu.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi mwanzo. Soketi tunazozijua zilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndani ya 4.2BSD, mwaka 1983. AT&T walikuwa na njia yao ya kuandika programu za mtandao, TLI, ambayo baadaye ilizaa XTI, na kwa kitambo kulikuwa na ubishi wa kweli juu ya ipi itashika. Soketi zilishinda kwa sababu msimbo wake ulikuwa tayari mikononi mwa watu. Mwaka 1992 likatoka toleo la kwanza la Winsock, soketi za Windows, likifuatwa na 1.1 mwaka 1993, na waliolibuni walichukua majina ya Berkeley kwa makusudi ili programu za Unix ziweze kuhamia Windows bila kuandikwa upya. Tatizo ni kwamba ardhi waliyoyapanda majina hayo ilikuwa nyingine kabisa. Windows ya wakati ule haikuwa na dhana kwamba soketi ni faili kama faili nyingine, kwa hiyo huwezi kuifunga kwa close wala kuisoma kwa read. Unahitaji closesocket na recv, unahitaji kuita WSAStartup kabla ya chochote, na kosa linasomwa kwa WSAGetLastError, si kwa errno, kigezo cha kosa cha Unix. POSIX yenyewe ilizipokea soketi ndani ya kiwango chake kikuu katika toleo la 2001, miaka 18 baada ya Berkeley. Kufikia hapo kila mfumo ulishakuwa na mazoea yake, na maelfu ya programu zilishategemea mazoea hayo. Kiwango kinachokuja kwa kuchelewa namna hiyo huandika yale yaliyokwisha kukubaliwa, na mengine huuachia kila mfumo ujiamulie.

Tofauti za juujuu hazinisumbui. Faili za vichwa zina majina tofauti, SOCKET ya Windows ni namba isiyo na alama ya hasi wakati Unix inatumia int, miundo ya anwani kwenye BSD ina uga wa urefu ambao Linux haina. Haya yote kompaila inayakamata siku ya kwanza, na mtu mwenye subira anayamaliza mchana mmoja. Yanayoumiza ni yale yanayopita kwa kompaila salama, yanapita majaribio, halafu yanajitokeza kwa mteja miezi sita baadaye.

Tuichukue accept yenyewe. Umefungua soketi ya kusikiliza, ukaiweka katika hali ya kutosubiri ili kitanzi chako kinachohudumia miunganisho yote kisikwame. Muunganisho umekuja, umeita accept, umepewa soketi mpya. Je, soketi hiyo mpya inasubiri au haisubiri? Kwenye Linux inasubiri, hata kama mama yake, ile ya kusikiliza, hasubiri. Kwenye FreeBSD na macOS inarithi hali ya mama. Kwenye Windows nayo inarithi. Sasa fikiria programu iliyozaliwa Linux, inayoikabidhi kila soketi mpya kwa uzi wake (mkondo wa utekelezaji unaokwenda sambamba na mingine), na uzi huo unaita recv ukitarajia kukaa hapo mpaka data ifike. Ihamishie macOS. Recv inarudi papo hapo na -1, errno ikiwa EAGAIN (hakuna data kwa sasa), na msimbo ambao haukutarajia jibu hilo unadhani muunganisho umekatika, unaufunga. Ubaya zaidi ni kwamba ukijaribu kwenye mashine moja, mteja na seva wakiwa pamoja, mara nyingi data inakuwa imeshafika kabla recv haijaitwa, na kila kitu kinaonekana kizima. Geuza upande: programu iliyozaliwa BSD, inayotegemea urithi ule, ikifika Linux mteja mmoja mzembe anaweza kusimamisha kitanzi kizima kwa kutotuma chochote. Hakuna mstari hata mmoja uliobadilika. Accept4 inaliponya jeraha hili kwa sababu moja tu: unaandika SOCK_NONBLOCK au huandiki, na hali ya mama haihesabiki tena.

Jeraha hilo limepona, ila ndugu zake wako wengi, na mkubwa wao ni SO_REUSEADDR, chaguo la kutumia tena anwani. Karibu kila somo la seva linaanza kwa kukuambia uiweke. Kwenye Unix sababu ni nzuri: ukizima seva na kuiwasha tena upesi, miunganisho ya zamani inakuwa bado kwenye hali ya TIME_WAIT, kungoja baada ya kufungwa, ambayo Linux huishikilia sekunde 60, na bila chaguo hilo bind, wito wa kushika anwani, itakataa ikisema anwani inatumika. Kwenye Windows tatizo la kuwasha upya halipo kwa namna hiyo, na chaguo lenye jina lilelile lina maana nyingine: linaruhusu soketi mbili zilizoliweka kushika anwani ileile na poti ileile kwa wakati mmoja, na hati za Microsoft zenyewe zinasema haijulikani ni ipi kati yao itakayopokea miunganisho. Yaani mtumiaji akiwasha seva yako mara mbili kwa bahati mbaya, nakala ya pili haitalalamika. Zote mbili zitaonekana ziko hai, na moja haitapata wageni. Mbaya zaidi, programu isiyo yako inaweza kujipenyeza kwenye poti yako. Microsoft waliona hatari hiyo, wakaleta SO_EXCLUSIVEADDRUSE tangu Windows NT 4.0 yenye Service Pack 4. Aliyehamisha jina amehamisha kinyume cha alichokitaka. Na ndugu yake SO_REUSEPORT naye si afadhali: Linux tangu 3.9 mwaka 2013 inagawa miunganisho kati ya soketi zote zilizoiweka, jambo ambalo FreeBSD ilikuja kuliletea chaguo jingine kabisa, SO_REUSEPORT_LB, kwa sababu SO_REUSEPORT yao ya asili haikuahidi mgawanyo huo.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa namba tano. Tulikuwa tukihamisha programu ya wateja kwenda Windows, na muda wa kungoja jibu ulikuwa sekunde tano, umewekwa kwa SO_RCVTIMEO kupitia muundo wa timeval, unaotaja sekunde na mikrosekunde, kama ilivyo kawaida Unix. Kila kitu kilikompailika, kwa kuwa setsockopt, wito wa kuweka chaguo, inapokea pointa ya kitu chochote, na pale Windows inapodai char * tulishaweka ubadilishaji wa aina uliomnyamazisha kompaila. Ofisini ilikwenda vizuri. Kwa wateja waliokuwa mbali na seva, kila ombi lilikatika kabla ya jibu kufika. Siku mbili tuliulaumu mtandao. Kumbe Windows haitarajii timeval kwenye chaguo hilo. Inatarajia namba moja ya biti 32, nayo ni milisekunde. Ilisoma baiti nne za mwanzo za muundo wetu, ikakuta 5, ikatupa milisekunde tano. Kwenye mtandao wa ndani jibu lilikuwa linarudi ndani ya muda huo. Tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza mtu anayeniambia msimbo wake umehama kwa sababu umekompailika bila onyo.

Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote zinazotolewa kuhusu suala hili, na bado ndiyo inayotolewa zaidi. Kompaila inajua majina na aina. Haijui kwamba select ya Linux, wito wa kusubiri soketi iliyo tayari, hupunguza muda uliompa ikabakiza uliosalia, wakati mifumo mingine inauacha kama ulivyo, kwa hiyo kitanzi kinachotumia kigezo hicho tena bila kukijaza upya kitakuwa na tabia mbili. Haijui kwamba fd_set ya Unix, seti ya soketi inayopewa select, ni safu ya biti inayohesabiwa kwa namba ya soketi, kwa kawaida 1024, na soketi yenye namba inayofikia hapo au kuzidi itaandika nje ya kumbukumbu yake. Wakati fd_set ya Windows ni orodha ya soketi, 64 kwa kawaida, na ya sitini na tano haitaingia wala hutaambiwa. FD_SET ni ileile kwa macho. Upande mmoja unaharibu kumbukumbu, upande wa pili unakaa kimya. Haijui pia kwamba kuandika kwenye muunganisho ambao upande wa pili umeshafungwa kunaweza kuiua programu nzima kwenye Unix kwa ishara ya SIGPIPE, kwamba Linux inataka MSG_NOSIGNAL kwenye kila send, kwamba macOS ina SO_NOSIGPIPE ya kuwekwa mara moja, na kwamba Windows haina ishara hiyo kabisa.

Kuna hoja nzito zaidi, na inastahili kusikilizwa kwa haki. Wengi wanasema: kwa nini ujisumbue wakati kontena (vifurushi vya programu pamoja na mazingira yake) zipo, na Windows yenyewe sasa ina WSL 2? Andika kwa ajili ya Linux, funga kwenye kontena, safirisha. Kwa seva zinazokaa kwenye vituo vya data, nakubali karibu yote. Timu inayotoa huduma yake kwenye Linux pekee haina deni la kuandika msimbo wa IOCP, utaratibu wa Windows wa kuhudumia miunganisho mingi, kwa ajili ya heshima. Ila tusiliite hilo uhamishikaji. WSL 2 ni kerneli ya Linux ndani ya mashine pepe, na kontena za Linux unazoziendesha kwenye macOS au Windows nazo zinaishi ndani ya mashine pepe ya Linux. Hukuhamisha programu, umebeba ardhi yake ukaenda nayo. Programu ya mezani, mchezo, kifaa cha hospitali chenye mfumo wake mdogo, programu ya simu, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kumwambia mtumiaji wake asimamishe Linux pembeni kwanza. Na huko ndiko soketi zinakokutana na watu wengi zaidi.

Hoja iliyo na nguvu kuliko zote ni ya maktaba. Usiguse soketi kwa mkono, wanasema. Tumia libuv, libevent, au Asio, au andika kwa Go au Rust ambazo maktaba zake za kawaida zimeshughulikia yote. Ushauri huu ni mzuri na mara nyingi mimi mwenyewe ndio ninaoutoa. Lakini angalia walichofanya waliofanikiwa. Maktaba ya kawaida ya Rust, ikifungua soketi ya kusikiliza ya TCP, inaweka SO_REUSEADDR kwenye Unix na haiiweki kwenye Windows. Go nayo vilevile. Ukiwa mtu wa majina utaona hapo kutolingana: chaguo lipo pande zote mbili, mbona limewekwa upande mmoja? Ukiuliza walitaka nini, unaona kulingana kukamilifu: wanataka seva iweze kuwashwa tena upesi bila kuruhusu mtu mwingine kushika poti yake. Ili nia hiyo iwe moja, msimbo ilibidi utofautiane. Kwangu huo ndio ushahidi wa kutosha kwamba waliolitatua tatizo hili hawakulitatua kwa kutafuta majina yanayofanana. Na maktaba haikuondolei jukumu lote, kwa sababu siku utakapoomba chaguo ambalo maktaba inakupitishia moja kwa moja, umerudi palepale ulipokimbia.

Upande wa pili kabisa wako wanaoamini kwamba dawa ni #ifdef tele: kila palipo na tofauti, weka tawi. Nawaheshimu kwa kuwa angalau wanakiri tofauti zipo. Kosa lao ni mahali. Tawi likiwekwa ndani ya mantiki ya programu, msomaji wa baadaye anaona closesocket upande huu na close upande ule, asijue ni nia gani iliyokuwa inatafutwa, na mfumo wa tano ukija anabahatisha. Mimi nataka tabaka jembamba lenye miito inayotajwa kwa nia. Isiwepo weka_reuseaddr, iwepo shika_poti_peke_yangu, na ndani yake Unix iweke SO_REUSEADDR, Windows iweke SO_EXCLUSIVEADDRUSE. Isiwepo weka_rcvtimeo inayopokea muundo. Iwepo ngoja_jibu inayopokea milisekunde kwa jina lake, na tabaka ligeuze linavyohitajika. Na pale ambapo chaguo-msingi hutofautiana, tabaka litamke daima. IPv6 ni mfano mzuri: seva inayosikiliza kwenye anwani ya ::, yaani anwani zote za mashine, inapokea pia wateja wa IPv4 kwenye Linux kwa kawaida, haiwapokei kwenye Windows, na OpenBSD haitakuruhusu kamwe uwachanganye. Ukiweka IPV6_V6ONLY (IPv6 pekee) iwe 1 kila mahali na kufungua soketi mbili, moja kwa kila familia ya anwani, mifumo yote mitatu inakuwa kitu kimoja, bila #ifdef hata moja. Ni mistari michache zaidi. Naikubali gharama hiyo kila siku.

Umbo la tabaka hilo ndilo linaloleta mjadala mgumu, na hapa naona wengi wanakosea hata baada ya kukubali mengine yote. Wanalijenga juu ya swali la Unix: ni soketi ipi iko tayari? Kqueue ya FreeBSD, iliyotoka mwaka 2000, na epoll ya Linux, iliyoingia mwaka 2002, zote zinajibu swali hilo. IOCP ya Windows, ambayo ni kongwe kuliko zote mbili kwani ilikuja na NT 3.5 mwaka 1994, inajibu swali jingine: kazi ipi imekwisha? Kwenye swali la kwanza unaambiwa data ipo, kisha unatoa bafa (eneo la kumbukumbu la kuwekea data) na kuisoma data hiyo. Kwenye la pili unaikabidhi bafa mapema, na mpaka taarifa irudi, bafa hiyo si yako. Ukiiachilia, kerneli itaandika mahali pasipo pako. Kuigiza la pili juu ya la kwanza ni rahisi: subiri soketi iwe tayari, isome, tangaza kuwa kazi imekwisha. Kuigiza la kwanza juu ya la pili ni kazi ya mateso, na historia ya WSAPoll inaonyesha. Microsoft waliitoa ili ifanane na poll ya Unix, lakini kwa miaka mingi haikuwa inaripoti muunganisho ulioshindikana, hata waliotunza curl, programu ya kuhamisha data, wakaacha kuitegemea. Ilirekebishwa kwenye Windows 10 toleo la 2004. Sasa Linux nayo, kupitia io_uring iliyoanza na 5.1 mwaka 2019, imeelekea kwenye swali la kazi iliyokwisha. Anayeanza tabaka jipya leo alijenge kwa umbo hilo, bafa ikabidhiwe tangu mwanzo, hata kama mfumo wake wa kwanza ni wa epoll. Asio walichagua hivyo mapema, na chaguo hilo halijawahi kuwalazimisha kubomoa.

Matokeo yake kwa namna tunavyojaribu kazi zetu ni makubwa. Jaribio linalouliza kama bind imerudisha sifuri halina maana. Washa seva mbili kwenye poti moja, na jaribio lifaulu pale tu ya pili inapokataliwa, kwenye kila mfumo unaodai kuuhudumia. Fungua muunganisho, usitume kitu kwa sekunde moja, kisha ndipo utume, ili recv isipate data iliyoitangulia. Unganisha kwenye poti isiyo na mtu, ukiwa katika hali ya kutosubiri, uone kama habari ya kushindwa inakufikia: kwenye Unix connect inarudisha EINPROGRESS na kushindwa kunaonekana soketi ikiwa tayari kuandikwa, kwenye Windows inarudisha WSAEWOULDBLOCK, na select inaweka kushindwa kwenye seti ya tatu ambayo wengi huipa NULL. Kata upande mmoja katikati ya uandishi, uone kama programu bado iko hai. Majaribio haya manne hayafiki mistari mia mbili, na yangetuokolea zile siku mbili za kuulaumu mtandao.

Nirudi kwa accept4. Windows haina, wala haijaahidi kuifuata POSIX, na kati ya mifumo inayoifuata si yote iliyokwisha kuileta. Kwa hiyo tabaka lako, kwenye mifumo hiyo, litaita accept, kisha fcntl kuweka FD_CLOEXEC, alama ileile ya kutorithiwa. Kati ya mistari hiyo miwili uzi mwingine unaweza kuita fork na exec, miito ya kuanzisha programu nyingine, na programu-mtoto ikaondoka imeishikilia soketi ya mteja wako. Seva itaifunga kwa upande wake, na mteja hatauona mwisho mpaka mtoto yule afe. Wito wenye jina pokea_muunganisho hauwezi kuuziba mwanya huo peke yake. Unachoweza kufanya ni kuweka kufuli moja linaloshikwa na accept pamoja na fork, kuzuia accept isisubiri ndani ya kufuli hilo, na kuandika kwenye maelezo ya wito ni mifumo ipi inayohitaji kufuli na ipi haihitaji, ili siku accept4 itakapofika huko anayetunza msimbo ajue hasa mistari ya kuondoa.